Nesi Akiona Hatari, Apewe Nguvu ya Kuizuia

Usiku wa manane, daktari wa zamu anapokuwa thieta au jengo jingine, wodini anabaki nesi. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba kichanga aliyekuwa akinyonya vizuri jioni sasa anakataa titi, kwamba mama aliyejifungua saa mbili zilizopita ameanza kujibu kwa sauti ya chini na mikono yake imepoa, kwamba mzee wa kitanda cha pembeni ameteremsha miguu na anaulizia gari la kurudi kijijini. Hakuna kati yao atakayesema kwamba yuko hatarini. Lazima mtu mwingine aone kwa niaba yao, tena aone mapema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yanayotokana na huduma yenyewe ya afya, mbali na ugonjwa uliompeleka hospitali. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yanazuilika. Vifo vinavyotokana na huduma isiyo salama vinazidi milioni 3 kila mwaka. Ni dawa iliyozidi, ni damu ya kundi lisilo lake, ni kidonda cha mgongo cha mtu aliyelala siku kadhaa bila kugeuzwa, ni maambukizi yaliyopita kwenye mikono isiyonawiwa. Ukiyafuatilia moja moja utakuta karibu kila tukio lina mahali ambapo nesi alikuwa amesimama, au alipaswa kuwa amesimama.

Ndiyo maana ni rahisi kusema manesi waongeze umakini. Viongozi wanaotembelea hospitali husema hivyo, wakurugenzi husema hivyo, na sisi wenye wagonjwa husema hivyo tukiwa tumekasirika kwenye korido. Naamini tunaelekeza lawama kusiko. Manesi wetu, kwa sehemu kubwa, wanaona. Wanachokosa ni nguvu ya kuzuia kile walichokiona: ruhusa ya kusimamisha kazi, ruhusa ya kuanza tiba bila kungoja, muda wa kumtazama mgonjwa, na uhakika kwamba wakisema ukweli hawatageuziwa kibao.

Chukua tukio lililoitikisa Kenya mapema mwaka 2018. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kulikuwa na wagonjwa wawili wa kichwa. Mmoja alihitaji kufunguliwa fuvu ili kuondoa damu iliyoganda ubongoni. Mwingine alikuwa na uvimbe uliohitaji matibabu bila kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa, na aliyefunguliwa fuvu akawa yule asiyehitaji. Madaktari waligundua kosa wakiwa wameshafika ndani, walipotafuta damu iliyoganda wasiione. Nchi nzima ilitaka kujua nani kakosea, na jibu lilikuja haraka: daktari, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa thieta na mtaalamu wa usingizi walisimamishwa.

Swali gumu zaidi halikupata nafasi kubwa magazetini. Kutoka kitandani hadi kwenye meza ya upasuaji, mgonjwa hupita mikononi mwa watu wengi. Ni nani kati yao mwenye ruhusa ya kusema "simameni kwanza, huyu siye" na thieta nzima ikasimama, hata kama anayesema ni nesi aliyeajiriwa mwaka jana na anayesimamishwa ni daktari bingwa?

Jibu lilikuwa limeshajaribiwa miaka 10 kabla, tena hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hospitali ya St. Francis ya Ifakara ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani, pamoja na za London, Seattle, Toronto na New Delhi, zilizofanyia majaribio orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wakati wa upasuaji. Orodha yenyewe ni ukurasa mmoja wenye mambo 19. Kabla ya usingizi, jina la mgonjwa, sehemu ya kukatwa na aina ya upasuaji vinahakikiwa. Kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Kabla mgonjwa hajatoka, nesi anatamka kwa sauti kwamba vifaa, sindano na vitambaa vimehesabiwa na vimetimia. Matokeo ya hospitali zote 8 yalipochapishwa mwaka 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Ukurasa mmoja wa karatasi hauna maajabu. Ninavyouelewa, kilichobadilika ni kwamba nesi alipewa zamu yake ya kusema, imeandikwa, na kila mtu anajua kwamba kazi haiendelei mpaka amesema. Awali alihitaji ujasiri kumkatisha mkubwa wake. Sasa anatimiza utaratibu. Kwa mtu mwenye mshahara mdogo na bosi mkali, tofauti hiyo ni kubwa sana. Na pale ambapo orodha imegeuzwa fomu ya kuwekewa alama za vema baada ya upasuaji kwisha, kwa ajili ya mkaguzi, zamu hiyo ya kusema imeshapotea, hata kama faili limejaa.

Nguvu hiyo ya kuzuia ndiyo ninayoitafuta ninapotazama mgonjwa wa kila rika, na hakuna mahali inapoonekana wazi kama chumba cha kujifungulia.

Mama anapojifungua, damu haiendi sehemu moja. Nyingine inaingia kwenye khanga aliyolalia, nyingine kwenye pamba, nyingine kwenye godoro, nyingine kwenye ndoo ikiwa imechanganyika na maji ya uzazi. Mkunga anakunja khanga ile iliyolowa, anatandika nyingine kavu, na kwa sekunde chache kitanda kinaonekana kisafi. Macho peke yake, hata ya mkunga mzoefu, hukadiria damu kidogo kuliko iliyotoka kweli. Dakika 20 baadaye mama anasema anasikia baridi, mapigo ya moyo yanakimbia, na sasa ndipo daktari anaitwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 200,000, ulifanya mambo mawili. La kwanza, chini ya makalio ya mama iliwekwa nailoni yenye mfuko uliopigwa mistari ya vipimo, ili damu ionekane kwa mililita badala ya kukisiwa. La pili, mkunga aliruhusiwa kuanza tiba zote kwa pamoja damu ikifika mililita 500, au hata kabla ya hapo kama dalili nyingine si nzuri: kuchua mfuko wa uzazi, sindano ya oksitosini ya kukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, na kukagua kama kuna mchaniko au kondo lililobaki. Desturi ilikuwa kujaribu kimoja, kungoja, kisha kujaribu kingine, huku mama akiendelea kuvuja. Katika hospitali zilizotumia utaratibu mpya, damu iliyopita kiasi, upasuaji wa kuizuia, au kifo kutokana nayo, kwa ujumla wake, vilipungua kwa asilimia 60.

Asilimia 60, bila chumba kipya cha wagonjwa mahututi. Dawa hizo zilikuwapo duniani tangu zamani, na wakunga walikuwapo. Walichoongezewa ni kipimo kisichobishaniwa na idhini ya kuanza. Mstari ukifika 500, hakuna haja ya kumshawishi mtu kwa simu kwamba "damu ni nyingi kidogo, daktari." Mkunga anaanza, halafu anapiga simu. Tanzania imepiga hatua ya kujivunia, kwani vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Lakini 104 bado ni akina mama wa watu, na wengi wao hufa kwa sababu ambazo mtu fulani wodini aliziona zikianza. Pia oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Mkunga anayechoma oksitosini iliyokaa juu ya kabati la dirishani amefanya kila kitu sawasawa na dawa isifanye kazi. Friji inayokatika umeme ni suala la usalama wa mgonjwa, na anayejua kwamba imekatika ni nesi.

Hatua chache kutoka kitanda hicho kuna mtoto ambaye hajalia. Dakika ya kwanza ya maisha yake haina nafasi ya kumtafuta mtu. Katika hospitali 8 za Tanzania, wakunga walifundishwa kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na asipopumua kumsukumia hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, kutokana na watoto zaidi ya 80,000, yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Kazi iliyofuata Haydom, mkoani Manyara, ilitufundisha jambo ambalo wizara yoyote inayopenda semina za hotelini inapaswa kulisikiliza: mafunzo ya siku moja hayatoshi kubaki mikononi. Kinachobaki ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, kwenye mwanasesere, kabla ya zamu kuanza. Mkono uliojizoesha hautetemeki mtoto halisi anapokuja akiwa amelegea.

Bado tunapoteza watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajafikisha siku 28. Wengi ni njiti. Mwaka 2021 utafiti wa nchi 5, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kumbandika njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja apate nafuu kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Maana yake mama awe ndani ya wodi ya watoto wachanga pamoja na mwanawe, mchana na usiku. Na nesi wa wodi hiyo sasa anaangalia wawili: joto la mtoto lisishuke chini ya nyuzi 36.5, na damu ya mama ambaye naye ni mzazi wa jana.

Kwa mtoto, hatari nyingine ni hesabu. Mtu mzima ana dozi yake inayofahamika, lakini mtoto hupewa dawa kwa kilo. Tuseme kichanga wa kilo 2 ameandikiwa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 8. Kichupa kilicho kwenye trei kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Anachohitaji mtoto ni mililita 0.2, tone dogo tu ndani ya bomba la sindano, ambalo ukilitazama kwenye mwanga hafifu unadhani hujavuta kitu. Nukta ikifutika kwenye faili, au ikiandikwa kwa peni iliyofifia, 0.2 inasomeka 2, na hapo kichupa kizima kinaingia kwenye mshipa wa mtoto: mara 10 ya kipimo chake, kwa dawa inayojulikana kuumiza figo na masikio. Hakuna king'ora kinacholia. Mtoto hatalalamika, na uziwi wake unaweza kugundulika akiwa na miaka mitatu, wakati hakuna anayekumbuka wiki ile ya wodini.

Kinga ya kosa hilo ni ya kawaida kabisa: mizani inayofanya kazi, uzito wa leo na si wa wiki iliyopita, nukta iliyotanguliwa na sifuri, na nesi wa pili anayepiga hesabu yake mwenyewe bila kuambiwa jibu kabla dawa haijachomwa. Lakini nesi wa pili anatoka wapi kwenye zamu ya mtu mmoja? Na aliyepo anawezaje kuhesabu wakati ndugu watatu wanamwita kwa pamoja, simu inaita, na dripu ya kitanda cha pili imekwisha?

Nimeona watu wakimnung'unikia nesi aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto akimtazama tu kifuani, kana kwamba amezubaa. Alikuwa anahesabu pumzi. Pumzi za mtoto huhesabiwa dakika nzima, kwa sababu mtoto hupumua bila mpangilio na ukihesabu robo dakika na kuzidisha unajidanganya. Aliye chini ya miezi miwili akifikisha 60 anapumua haraka. Wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Ndivyo nimonia inavyonaswa kabla mtoto hajabadilika rangi. Wodi yenye watoto 30 inahitaji nusu saa ya kuhesabu pumzi peke yake, hapo bado joto, dawa, maziwa, na mama anayelia. Mara nyingi kwenye karatasi za wodi utakuta kila mtoto ana pumzi 28, asubuhi na jioni. Sioni uvivu peke yake pale. Naona kazi ya watu watatu iliyoandikwa na mmoja.

Vijana nitawapitia kwa haraka, ingawa wanaonewa kimyakimya. Msichana wa miaka 16 mwenye maumivu ya tumbo hatasema kweli mbele ya mama yake, na nesi mwenye busara atamtuma mama kaunta kufuatilia faili kisha amuulize binti akiwa peke yake, kabla hajaandikiwa dawa au picha ambayo mjamzito hapaswi kupata. Mgonjwa wa sikoseli anayejikunja kwa maumivu asiambiwe kwamba amezoea sindano. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo, kwa hiyo manesi wetu wanapaswa kuwa walimu wa dunia katika kuyaamini maumivu hayo.

Wazee wanataka jicho la aina nyingine, kwa sababu ugonjwa wao hauji na dalili tulizozoea. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali kifuani au kwenye mkojo na joto lake likawa la kawaida kabisa. Kinachobadilika kwanza ni akili. Ndiyo maana nathamini sana nesi anayeingia zamu na kuanza na "Shikamoo, babu," akangoja jibu. Jana babu aliitikia marahaba, akamuuliza ametoka wapi na wazazi wake hawajambo. Leo anaitikia nusu, anamwita kwa jina la binti yake aliyekwisha kufariki, na vidole vinachezea shuka. Nesi aliyepita na kipima presha bila kusalimia ataandika presha nzuri na kuendelea. Aliyesalimia ameshajua kuna kitu, na atatafuta mkojo, maji mwilini, sukari na dawa zilizobadilishwa jana.

Mzee huyo akichanganyikiwa ndipo anaposhuka kitandani na kuanguka, na nyonga ya mtu wa miaka 80 ikivunjika, wengi hawarudi kama walivyokuwa. Asipoweza kushuka, hatari inahamia mgongoni: asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi ya kiunoni na visiginoni inaanza kufa kimya. Halafu kuna ule mfuko wa nailoni wa dawa za nyumbani. Presha za aina mbili kutoka hospitali mbili, za kisukari, za kutuliza viungo alizopewa na jirani, na mitishamba. Ukimuuliza mzee anatumia dawa gani atasema "za presha tu." Ukimwambia mjukuu aulete mfuko, unaona kila kitu mezani. Ndugu wa mgonjwa wanaosoma makala hii, leteni mfuko huo siku ya kwanza, na mwambieni nesi mzee wenu huwa anazungumza vipi anapokuwa mzima. Hiyo ni taarifa ya kitabibu na ninyi peke yenu mnayo.

Kifo cha mgonjwa mmoja wa miaka 75 huko Tennessee, Marekani, kimebadilisha namna manesi wengi duniani wanavyofikiri. Mwishoni mwa mwaka 2017, nesi aliyetumwa kumpa dawa ya kumtuliza kabla ya kipimo alichukua kwenye kabati la dawa la kompyuta dawa nyingine, ya kulegeza misuli, na mgonjwa akashindwa kupumua. Nesi huyo alikiri mara moja. Alikuwa amepuuza maonyo, na hilo halina utetezi mzuri. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa la jinai, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Manesi waliofuatilia kesi hiyo hawakuzungumzia sana kabati linalotoa dawa ya hatari kwa herufi mbili za mwanzo wa jina. Walisema: aliyesema ukweli ndiye aliyeshtakiwa.

Hofu hiyo ipo hapa nyumbani pia. Dozi inapokosewa na mgonjwa asidhurike, nesi anashusha pumzi na kunyamaza. Wiki ijayo mwenzake anarudia kosa lilelile kwa vichupa vilevile vinavyofanana rangi, na safari hii mgonjwa anadhurika. Kosa la kwanza lingeandikwa na kujadiliwa, vichupa vingetenganishwa rafu. Kila barua ya kumtaka nesi ajieleze kwa kosa aliloliripoti mwenyewe inafunga midomo ya wodi nzima.

Najua jibu la wengi: hawa manesi unaowatetea ndio wanaotutukana. Ni kweli wapo. Wapo wanaompiga mama kofi akiwa kwenye uchungu, wapo wanaomwambia "ulipokuwa unafanya uliniita?", wapo waliolala mgonjwa akiita. Sitawatetea hata kidogo, na nasema ukatili huo ni suala la usalama kabla haujawa suala la adabu, kwa sababu mama aliyetukanwa mara moja hatasema kwamba khanga imelowa tena. Ataogopa. Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, lina mamlaka juu ya leseni, na litumie mamlaka hayo bila huruma kwa mtu anayedhalilisha wagonjwa. Lakini kumnyanyasa mgonjwa ni uamuzi wa mtu. Kusoma 0.2 kama 2 saa kumi alfajiri, ukiwa peke yako na wagonjwa 40, si uamuzi wa mtu. Tukiyapa mambo hayo mawili adhabu moja, mkatili anajificha nyuma ya uchovu wa wenzake, na mwaminifu anajifunza kuficha.

Na wagonjwa 40 kwa nesi mmoja haiwezi kuachwa kuwa hali ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika nchi 9 za Ulaya, kwa wagonjwa zaidi ya 400,000 wa upasuaji, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa nesi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unaongezeka kwa asilimia 7. Wao walikuwa wakilinganisha nesi mwenye wagonjwa 6 na mwenye 8. Sisi tuko mbali na hesabu hiyo, huku wahitimu wa uuguzi wenye vyeti wakikaa mitaani wakisubiri tangazo la ajira, wengine wakiendesha bodaboda na kuuza vocha, na Kenya ikiwa imesaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kuwapeleka manesi wake huko. Asilimia 78 ya manesi wote duniani wako katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu. Halmashauri inayojenga wodi mpya bila kutenga nafasi za ajira imeongeza vitanda vya hatari.

Ajira ni fedha na itachukua muda. Mengine hayahitaji bajeti ya mwaka ujao. Mganga mfawidhi anaweza wiki hii kuagiza makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa kila mgonjwa, badala ya mezani kwa kusoma daftari, ili anayeingia aone kwa macho yake kidonda, dripu na karatasi ya dawa. Muuguzi mfawidhi anaweza kuweka daftari la makosa lisilo na safu ya jina. Bodi ya hospitali inaweza kuandika, kwa lugha isiyo na mafumbo, ni dalili zipi zinampa nesi au mkunga haki ya kuanza tiba kabla daktari hajafika, na ni nani anayefuata kupigiwa simu iwapo wa kwanza hapokei. Namba zao, ya daktari wa zamu na ya mkubwa wake, zibandikwe ukutani karibu na meza ya nesi. Na daktari atakayeamshwa saa tisa usiku kwa ajili ya homa ambayo asubuhi imeonekana ndogo, apite wodini kabla hajaenda nyumbani, amshukuru aliyempigia mbele ya wenzake, ili kesho usiku asisite kupiga tena.